Léoncie, Bavuge na hema la miavuli

Asubuhi Léoncie hakumsalimia mtu kabla hajakunja alichokilalia. Iwe mkeka, iwe godoro la mjukuu, iwe kipande cha shitingi, turubai la plastiki la kambini, alikikunja kwanza, akakifunga kamba, akakisimamisha ukutani, ndipo akageuka na kuuliza watu wamelalaje. Hata siku alipolazwa kwa malaria, muuguzi alimkuta amekaa juu ya vyuma vya kitanda, godoro limeviringishwa miguuni pake, maji ya dawa yakiendelea kushuka mkononi. Muuguzi alimgombeza. Léoncie akamwambia kwamba amekimbizwa usingizini mara nyingi, na kila mara aliyeondoka na godoro lake ni yule aliyekuwa amelikunja.

Jina lake kamili ni Léoncie Umugwaneza, lakini katika uwanja wetu wa Katoyi mjini Goma, ambako nyumba kadhaa zinachota kwenye bomba moja, tulimwita Mama Nishimwe, kwa jina la binti yake wa pekee. Alikuja kuishi kwa huyo Nishimwe mwezi wa pili wa mwaka 2025, siku zile kambi za kuzunguka Goma zilipobomolewa na watu wakaambiwa warudi walikotoka. Aliingia akisukuma baiskeli ya marehemu mumewe. Kwenye keria kulikuwa na cherehani, na juu ya cherehani, ndani ya kasiye ya plastiki ya chupa za bia, alikaa mbwa mdogo akitutazama kama mtu aliyekuja kukagua nyumba.

Mbwa huyo alimpata mtaa wa Himbi. Huko walikaa wageni wa kutoka ng'ambo ambao Léoncie aliwashonea mapazia. Vita vilipokaribia mji, wageni waliondoka kwa haraka, wakaacha mapazia, friji iliyojaa, na mbwa. Mlinzi alimwambia Léoncie, "Mama, umuchukue, ama nitamufungulia mulango aende na Mungu wake." Mbwa alikuwa mfupi, miguu kama ya kigoda, masikio makubwa kuliko uso, rangi ya chai ya maziwa. Wageni walimwita Filou. Jina hilo halikuvuka hata mtaa wa pili.

Upande wa Rutshuru mtu akigombana na jirani humpa mbwa wake jina la maneno ambayo hawezi kumwambia jirani usoni, halafu jioni humwita mbwa kwa sauti kubwa. Kila mtu husikia, na hakuna wa kushtakiwa. Léoncie alimwita mbwa wake Bavuge, yaani waache waseme.

"Nani aseme?" Nishimwe alimwuliza.

"Wote. Hata weye."

Waliokuwa wakisema zaidi walikuwa Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru, ambako Léoncie alikuwa na kiwanja. Hapo ndipo alipoolewa na Ndayambaje, na hapo ndipo alipomzika. Vita vilipita kwenda na kurudi. Mabati yaling'olewa, milango ikawa kuni, kuta za udongo zikarudi kuwa udongo. Kambi zilipobomolewa majirani walirudi, na wa kwanza kurudi alikuwa shemeji yake, Ntirenganya. Habari zilifika Goma kwamba shemeji amekwisha kufyeka magugu kwenye kiwanja cha kaka yake, na kwamba mvua za mwezi wa tisa zikianza atapanda maharage. Hakusema anakichukua. Alisema tu kwamba ni itongo. Kwa Kinyarwanda itongo ni mahali palipokuwa nyumba: hapawaki moto, hapabweki mbwa, hapana anayelala. Itongo halina mwenyewe, na mjane aliyezaa msichana tu hana wa kumsemea.

Léoncie hakuwa na mabati wala mtu wa kumjengea, na wateja wake wa kushona walikuwa Goma. Aliendelea kushona siku chache. Kisha, akiwa na pini mdomoni, akamwambia binti yake kwamba atakuwa anakwenda kulala pale kwake, kila atakapopata nafasi.

"Ulale ndani ya nini, mama?"

"Ndani ya shitingi."

"Umetoka kambini juzi tu!"

"Kambini waliniweka. Huku ninaenda."

Nimeliwaza jibu hilo mara nyingi. Katika mji wetu hakuna mtu mzima ambaye hajalala nje. Tulilala nje volkano ilipofunguka, tukalala nje vita vilipoingia, tukalala kandokando ya njia ya Sake na ng'ambo ya mpaka Gisenyi, tukiwa na masufuria na watoto. Sikuwa nimemjua hata mmoja aliyechagua. Sasa alikuwepo jirani yangu, mwanamke aliyepita miaka hamsini, anayefunga shitingi kwenye baiskeli Ijumaa mchana kama mtu anayejiandaa kwenda harusini, na mbwa akiruka miguuni pake.

Hakuanza na Kalengera. Alianza na kumfundisha mbwa, na katika kumfundisha akajifundisha mwenyewe. Safari za kwanza zilikuwa fupi, njia ya Sake, hadi kwenye shamba la mteja wake mmoja kando ya ziwa. Alijua baadaye tu kwamba mbwa akikaa mbele, juu ya usukani, huogopa malori na kujaribu kushuka; akikaa nyuma na kuuona mgongo wa mama yake, hutulia. Alijua kwamba kamba haifungwi shingoni. Siku moja kwenye njia hiyo Bavuge alimwona mbuzi, akaruka kutoka kwenye kasiye, akabaki ananing'inia. Léoncie alitupa baiskeli chini, akamnyanyua, akakaa naye kando ya barabara hadi moyo wa wote wawili ukatulia. Usiku ule ule wa kurudi alimshonea mkanda wa kifuani kutokana na suruali ya jinzi. Alimshonea pia viatu, kwa sababu mawe ya volkano hukata nyayo kama chupa. Bavuge alivaa viatu hivyo kwa ustaarabu hadi walipopumzika, kisha akavila.

Wakapata desturi yao. Kwenye mlima mbwa alitembea na Léoncie alisukuma. Kwenye mteremko mbwa alipanda na Léoncie aliketi, akikanyaga tairi la mbele kwa kiatu kwa sababu breki ilikuwa moja tu na haikuwa na moyo. Mbwa hakulishwa kabla ya mteremko, maana alitapika. Usiku alilala mgongoni mwa Léoncie, tumbo lake dhidi ya uti wa mgongo, na ndiye aliyekuwa blanketi la pili.

Goma ilimcheka vizuri. Mwanamke kwenye baiskeli peke yake ni habari. Mwanamke kwenye baiskeli na mbwa aliyekaa kama abiria aliyelipa ni sinema. Waendesha pikipiki kwenye mzunguko walimfuata wakipiga honi.

"Mama, brosheti ya leo iyo?" mmoja aliuliza, akimaanisha mishikaki.

"Ndiyo. Ninatafuta tu kitunguu, na kichwa chako kinafanana."

Kwenye bariere, kizuizi cha kutoka mjini, kijana mwenye bunduki alisogelea kasiye, akarudi nyuma Bavuge alipobweka.

"Mama, hii ni nyama ama ni mutoto?"

"Ni mume wangu. Umusalimie."

Wenzake walicheka hadi wakasahau kumwuliza anakwenda wapi. Tangu siku hiyo wakimwona kwa mbali walipaza sauti, "Bwana Bavuge anapita!" na kuinua kamba. Léoncie hakuwashukuru. Alisema mtu hashukuru kwa kuachiwa barabara.

Njia ya Kalengera hakuweza kuimaliza siku moja, kwa hiyo walilala Kibumba, ambako ukungu hushuka kabla ya jua kuzama na baridi huingia hadi kwenye meno. Aliomba mahali kwa mwenye shamba la kabichi.

"Una nyumba Goma?" mwenye shamba aliuliza.

"Ninayo ya binti yangu."

"Na unataka kulala hapa, na mbwa?"

"Ndiyo, muzee."

"Basi una wazimu."

"Wazimu wangu haukuli kabichi."

Alimwachia mahali chini ya mikaratusi, na asubuhi akamletea viazi vya moto. Kimoja alimpa mbwa mwenyewe kwa mkono wake, akitazama pande zote kama mtu anayeiba.

Yaliyotokea Kalengera mwezi wa sita niliyasikia kwa Léoncie, na baadaye kwa Nyirarukundo, jirani yake wa kule, alipokuja Goma kuuza maharage. Masimulizi yao yalilingana, isipokuwa juu ya mbuzi.

Léoncie alifika alasiri. Kijiji kilikuwa mashambani. Alisafisha mahali palipokuwa sebule yake, akakata fito, akatandaza shitingi nyeupe, akaifunga kama alivyoifunga miaka yote ya kambini. Mikono ilijua yenyewe. Kisha akakaa mbele yake na kuvua viatu. Alikuwa nyumbani. Bavuge alizunguka kiwanja mara kadhaa, akakojolea kila kona, na watu wa kwanza walipotokea barabarani na majembe yao, akaanza kubweka.

Hebu tufikiri walichokiona. Jua linazama. Kwenye itongo ambako asubuhi hapakuwa na kitu, pamesimama hema moja jeupe, la umbo lile ambalo kila mtoto wa Rutshuru anaweza kulichora akiwa amefumba macho. Mbele yake mwanamke mwenye vumbi, baiskeli iliyopakiwa, mbwa anayelia. Wao walikuwa wamejifunza jambo moja: hema la kwanza halibaki peke yake. Likionekana moja jioni, kesho ni mia, na kinachowaleta watu hao kiko nyuma yao barabarani.

Mwanamke wa mbele alidondosha jembe. "Wameanza kukimbia!" akapiga kelele. "Vita vimetoka Goma, vinapanda!"

Mwanamke huyo alikuwa Nyirarukundo. Aliniambia kwamba hakukumbuka kuingia nyumbani. Alikumbuka tu kwamba godoro lilikuwa tayari kichwani. Njia ya bondeni ilijaa mara moja. Masufuria, watoto, redio, kuku waliofungwa miguu. Hakuna aliyeuliza. Wanaouliza ndio hubaki.

Léoncie alielewa baada ya muda kidogo, na alipoelewa alifanya kosa la pili. Akamtupa mbwa kwenye kasiye, akapanda baiskeli, akawafuata kwa mteremko, miguu mitupu, bila breki.

"Rudini! Rudini! Ni miye, Léoncie! Hakuna kitu!"

Lakini mwanamke anayekuja mbio kwa baiskeli akipiga kelele, mbwa akibweka nyuma yake, hawezi kuonekana kama mtu asiye na kitu. Kadiri alivyoita ndivyo walivyokimbia. Alimpita Ntirenganya, shemeji yake, aliyekuwa na godoro kichwani na mbuzi mikononi. Nyirarukundo anasema mbuzi alikuwa begani. Alimpita hata shefu wa kijiji, muzee Habumugisha, amevaa koti la kazi bila shati ndani, fimbo yake ya ushefu imebaki nyumbani. Aliwafikia bondeni kwa sababu tairi la mbele liligonga jiwe na wote watatu, yeye, mbwa na baiskeli, wakaangukia katikati ya watu. Ndipo Nyirarukundo akainama na kumtazama usoni.

"Léoncie wa Ndayambaje?"

"Ndiyo."

"Nani anakukimbiza?"

"Hakuna. Nimekuja kulala kwangu."

Magodoro yakashushwa. Kisha mtoto mmoja akauliza kama sasa wanaweza kurudi kula.

Wangeweza kucheka, na baadhi walicheka. Lakini asubuhi Habumugisha aliita watu, na hakuwa mtu wa kuchekeshwa: alikuwa amekimbia mbele ya kijiji chake, na hakuna shefu anayesahau hilo upesi. Alisema kwamba Kalengera hakuna tena kusimamisha hema. Anayelala hapa alale ndani ya nyumba kama mtu. Na mbwa yule asirudi.

"Ntirenganya ana mbwa," Léoncie alisema.

"Wa Ntirenganya ni wa kuwinda."

"Na wangu pia, muzee. Jana amewinda kijiji kizima hadi bondeni."

Wanawake waliziba midomo kwa vitenge. Ntirenganya alisimama, mpole sana, akasema kwamba shemeji yake amechoka na vita, kichwa chake kimechoka. Yeye kama ndugu yuko tayari kumpa pembe ya nyumba yake alale kila atakapokuja, na kiwanja atakilinda kwa kukilima. Shefu akaona maneno hayo ni mazuri. Mvua zikianza, alisema, kama hapana nyumba pale, Ntirenganya apande.

Hilo ndilo lililokuwa mbele yake. Léoncie alilieleza waziwazi kwetu aliporudi, akipaka goti lake dawa. Akilala pembeni mwa nyumba ya shemeji hata usiku mmoja, amekwisha kuwa mgeni Kalengera. Asipolala kabisa, ni itongo. Na kujenga hawezi.

"Basi uache, mama," Nishimwe alimwambia. Alikuwa akilia. "Ulitisha watu. Watoto walikimbia juu yako. Si aibu?"

 Hiyo ndiyo mara moja tu niliyomwona Léoncie akiinamisha uso. "Ni aibu," alisema. "Ile shitingi ni aibu. Sitaifungua tena mbele ya mutu." Halafu akainua uso. "Lakini waliokimbia walikimbia shitingi. Hawakunikimbia miye."

Siku iliyofuata aliigawa shitingi. Kisha akaanza kuzunguka mjini na Bavuge, akitafuta miavuli.

Kila anayeijua Goma anaijua miavuli ile mikubwa ya wauza kadi za simu na wabadilisha fedha, ya njano, nyekundu, ya buluu, iliyosimama kwenye kila kona. Upepo wa kiangazi unaotoka ziwani huivunja mbavu, na ikivunjika huachwa kwenye mfereji. Léoncie alikusanya nguo za miavuli hiyo. Alifua vumbi la lava kutoka kwenye nguo hizo, akazipanga uani, akakata pembetatu, akaziunganisha kwa mshono wa mara mbili na kuupaka nta ya mshumaa. Cherehani ililia hadi Nishimwe akahamia kwangu na mafungu yake ya nguo za shule za kurekebisha. Hema lilipomalizika lilisimama katikati ya uwanja kama jogoo. Upande mmoja maandishi ya tangazo yalikuwa yamesimama kichwa chini. Alishona pia mlango mdogo chini ya mlango mkubwa, kwa ajili ya mbwa. Bavuge aliukagua na akaendelea kupita kwenye mkubwa.

"Mama, sasa hii ni nini?" jirani mmoja aliuliza. "Harusi ya nani?"

"Mukimbizi gani aliyepewa hema kama hili?" Léoncie alimwuliza. "Umuonyeshe. Hayuko."

Mwezi wa nane akaondoka tena. Nishimwe alikataa kumfungia mzigo, kisha akamfungia.

Safari hii alipanga saa yake. Alilala Kibumba, akaondoka alfajiri, akaingia Kalengera asubuhi jua likiwa limepanda, watu wote wakiwapo. Hakuomba. Alikwenda moja kwa moja hadi sebuleni kwake, akafungua mzigo, akapigilia vigingi. Rangi zile zilipoinuka juu ya magugu, watoto walikuja mbio, na nyuma yao mama zao. Nyirarukundo alisimama, mikono kiunoni.

"Hii tutaikimbia kweli," alisema, "lakini tukicheka."

Ntirenganya alikuja pia.  Aliinama, akang'oa kigingi cha kona, akakiweka chini taratibu. Léoncie akakiokota, akakipigilia. Ntirenganya akang'oa cha kona ya pili. Léoncie akapigilia. Hivyo wakazunguka hema, mmoja aking'oa, mwingine akipigilia, bila kusukumana, bila tusi, kama watu wanaofanya kazi pamoja. Bavuge alidhani ni mchezo. Kila kigingi kilipong'olewa alikibeba mdomoni na kumpelekea Léoncie. Hapo ndipo watu walipoanza kucheka, kwanza watoto, kisha wote, na kicheko hakikuwa juu ya Léoncie.

"Ntirenganya!" mwanamke mmoja aliita. "Umushinde basi ule kambwa!"

"Mbuzi yako iko wapi ikusaidie?" akaita mwingine.

Ntirenganya alitoa jasho. Alisema, na sasa sauti yake haikuwa na upole, "Hapa si kwako. Hata moto huna."

Ilikuwa kweli. Léoncie alikuwa na kibiriti kwenye mfuko wa aproni, na akakitoa. Nyirarukundo akamshika mkono.

"Urudishe hicho kibiriti," alisema. "Ungoje."

Alikwenda nyumbani kwake, akarudi na kigae cha chungu chenye makaa mekundu, akitembea polepole mbele ya kila mtu ili upepo usiyazime. Upande ule mpita njia hupewa maji, hupewa kiazi, hupewa hata kitanda. Moto hapewi. Moto ni jirani anayempa jirani, na aliyempa amekwisha kusema kwamba kesho na yeye akiishiwa ataujia kwa huyo. Nyirarukundo aliweka kigae katikati ya mawe, akapuliza, akaongeza majani makavu. Alikuwa ndiye aliyepiga kelele za kwanza mwezi wa sita. Sijui kama hilo lilikuwa kichwani mwake. Nilipomwuliza alisema alikuwa amechoka tu kusimama.

Moshi ulipopanda, Habumugisha alifika, safari hii na fimbo yake. Bavuge alimbwekea. Shefu alitazama hema, akatazama moshi, akamtazama mbwa kwa muda mrefu kuliko vyote.

"Nilisema hakuna hema hapa."

"Ulisema hema la kukimbia, muzee," Léoncie alijibu. "Hili ninalikimbilia."

"Sikusema hivyo."

"Basi useme leo, mbele ya moto wa jirani."

Shefu hakulisema. Aligeuza fimbo mkononi, akamwambia Ntirenganya kwamba itongo halina moshi, na kwamba maharage yake ayapande upande wa pili wa mikaratusi iliyo mpakani mwa kiwanja. Kisha, kwa sababu shefu lazima abakize kitu, akaongeza: "Lakini mvua ikianza na hayupo hapa, maneno yangu ya mwanzo yanarudi. Na hiyo miavuli yako, tutaona kama inajua mvua."

Ntirenganya alikwenda zake. Usiku huo alimfungulia mbwa wake wa kuwinda, na mbwa wa kuwinda alikuja, akanusa mlango mdogo wa hema, akalala mbele yake hadi asubuhi.

Kwa hiyo mwanzoni mwa mwezi wa tisa, mawingu yalipoanza kukaa juu ya mlima Mikeno, Léoncie alifunga safari isiyo ya kurudi Jumapili. Alisema atakaa hadi maharage yake mwenyewe yatoke ardhini. Nguo za kushona zipo hata Kalengera, watu wale wamerudi na matambara. Cherehani ikachukua keria yote. Kasiye haikuwa na mahali. Hema la miavuli lilifungwa kwenye usukani. Nishimwe alikuwa amempelekea mama yake chai hadi kwenye baiskeli na sasa alikuwa anazunguka akikaza kamba ambazo zilikuwa zimekazwa.

"Na mbwa utamuweka wapi?" aliuliza.

Léoncie alichukua kitenge chake kizuri, kile cha kanisani. Wanawake waliokuwa bombani walielewa kabla yangu. Mmoja akaweka ndoo chini. Mwingine akasema, "Yesu! Mgongoni, kama mutoto?"

"Mutoto wangu anatembea," alisema Léoncie. "Huyu ana miguu mifupi."

Nilikuwa nimemshika Bavuge mikononi. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na mwenye joto, na hakutetemeka. Nilitazama mawingu. Barabara ile ilikuwa wazi siku hiyo. Siku zetu hazisemi kama kesho itakuwa wazi. Nikamwuliza kitu kidogo kuliko nilichotaka kumwuliza: kama mvua ikinyesha kabla hajafika, au ikinyesha usiku, mishono ile ikikataa, atafanya nini.

Léoncie aliinama, akanigeuzia mgongo, akashika ncha mbili za kitenge.

"Inyeshe tu, madamu, itanikuta kwangu. Haya, unifungie huyu, na ukaze, anapenda kuchungulia."